Jumamosi Niliyoeleza Plutoniamu Tottenham

Mke wangu hakupenda niitaje kazi yangu mbele za wageni. Alikuwa akisema, neno nyuklia likiingia sebuleni, watu husogeza viti. Mimi ni mhandisi. Nilizaliwa Tanga, nikaja London kusoma, nikabaki, nikaoa binti wa Mombasa ambaye ni nesi, tukapanga nyumba Barking, tukajaliwa binti mmoja. Kila asubuhi nilipanda treni kwenda ofisini, nikakaa mbele ya kompyuta na kuhesabu jambo moja tu: plutoniamu iliyotolewa kwenye mabomu yasiyotakiwa tena inaweza kuteketezwaje ndani ya kinu cha nyuklia cha aina inayoitwa kinu cha kasi.

Nieleze kidogo, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Nchi zilizojaza maghala mabomu zilifika mahali zikaona yamezidi. Bomu unaweza kulifumua, ukatoa baruti, ukakata nyaya. Lakini kile kiini chake, donge la plutoniamu linaloweza kuenea kiganjani, halifumuliki. Ukilifukia, mtu anaweza kulifukua. Ukiliyeyusha, bado ni lilelile. Njia mojawapo ni kuligeuza kuwa fueli na kulichoma. Katika vinu vya kawaida, zile chembe zinazopasua atomu, nyutroni, hupunguzwa mwendo kwa maji. Katika kinu cha kasi haziguswi. Zinapiga kwa nguvu zote zilizozaliwa nazo, na zinapasua hata zile aina za plutoniamu zinazokishinda kinu cha kawaida. Kinachobaki kimechakaa na kimejaa mionzi, hakitamaniki tena kwa mtengeneza mabomu. Na katika kuteketeza huko unapata joto, joto linatoa mvuke, mvuke unazungusha mashine, umeme unatoka.

Niliiamini kazi hiyo. Nilijiona kama mtu anayepita kwenye ugomvi akiwapokonya watu visu.

Ukali wa vitu hivyo nilikuwa nimeuona kwa macho mara moja tu. Vinu vya kasi havipozwi kwa maji bali kwa sodiamu iliyoyeyushwa, madini yanayong'aa kama fedha, ambayo yakiwa ya moto hushika moto yakigusa hewa, na yakigusa maji hulipuka. Katika karakana moja ya majaribio nilikopelekwa kujifunza, bomba lilivuja juu ya fundi mmoja. Nilisikia mlio kama wa kofi, nikaona moshi mweupe, kisha yeye akatoka ndani ya moshi ule akiwa ameubeba mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ngozi ilikuwa inashuka kama soksi. Nilisaidia kumfunika. Kesho yake nikarudi kwenye hesabu zangu.

Basi, chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki kilikuwa na mazoea ya kumwita mwanachama mmoja kila baada ya muda aje aeleze kazi yake, ili watoto wetu waone kwamba kuna mengine zaidi ya kubeba maboksi na kulea wazee. Mwenyekiti, Mkenya mmoja mtu wa Kisumu mwenye sauti ya mchungaji, alinipigia simu. "Ndugu, safari hii ni wewe. Waeleze watu hayo mabomu yako."

Tulikodi ukumbi nyuma ya kanisa moja la Kiafrika kule Tottenham. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mke wangu alikuja na mahamri na chupa kubwa za chai ya tangawizi. Walikuwepo Watanzania, Wakenya, Wakongo wachache waliotoka kwenye ibada, wanawake na watoto. Nilipanga gololi mezani kuonyesha nyutroni zinavyogonga, watu wakacheka gololi zilipoanguka, na nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Msichana mmoja mwanafunzi aliuliza swali zuri. "Je, kinu hichohicho kinaweza kutengeneza plutoniamu badala ya kuimaliza?"

Nikamjibu kweli. "Kinaweza. Ukikizungushia urani pembeni, kinazaa plutoniamu mpya. Ukiiondoa hiyo urani, kinakula tu. Ni uamuzi wa mwenye kinu."

Watu hawakulipenda jibu hilo, niliona. Ndipo akasimama mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa karibu na ukuta, mtu mzima wa makamo, kifua kipana, amevaa suti ya ibada. Baadaye nilijua kwamba alikuwa mlinzi kwenye maduka makubwa ya Stratford, na kwamba kwao ni Katanga, kule Kongo. Aliongea Kiswahili cha kwao, taratibu.

"Miye niko na ulizo moja, bwana mwalimu. Ile majiwe ya bomu ya kwanza ilitoka kwetu ku Katanga. Ni kweli ao hapana?"

"Ni kweli," nikasema. "Sehemu kubwa ya urani yake ilitoka huko."

"Nkambo yangu, babu yangu, alichimbaka ile majiwe na mikono yake. Bazungu balimupiga fimbo. Alikufa na damu mu kifua. Sasa unasema mutachoma bomu, mutapata moto ya umeme. Ile moto itawaka mu nyumba ya nani?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu. Lakini nyuma kabisa mtu akacheka. Akamwiga kwa sauti: "Moto ya umeme! Majiwe!" Wengine wakacheka pia, kile kicheko chetu cha kuwacheka Wakongo kwa ngeli zao. Yule bwana akageuka. Alisema hatakaa mpaka ajibiwe. Mwenyekiti, akidhani anaokoa shughuli, akamwendea na kumshika ukosi wa koti.

"Kaka, kaa chini. Hii si siasa."

"Usinishike."

"Nimesema kaa chini!"

Mwenyekiti akavuta. Koti likachanika begani. Yule bwana akarusha kiwiko, kikatua katikati ya pua ya mwenyekiti, na damu ikaruka mpaka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Vijana wawili wakamrukia. Mmoja alipigwa ngumi ya sikio akalala juu ya sahani za mahamri. Mwingine akamkaba shingo kwa nyuma. Nilishuka jukwaani mbio. Nilikuwa nikisema, "Jamani, jamani, mwacheni, nitamjibu." Yule aliyemkaba alitupwa pembeni, na mimi nikafika nikamwekea yule bwana mkono begani. Hakujua ni nani. Aligeuka akiwa amekwisha nyakua kiti, kimojawapo cha vile viti vya chuma vya kukunja, nacho kikanipata tayani.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, kama mtu kavunja kuni karibu na sikio. Kisha mdomo ukajaa kitu cha moto chenye ladha ya chuma, na nilipotaka kuufunga haukufungika. Taya lilikuwa limekwenda upande. Nilipiga magoti. Meno yalianguka mbele yangu sakafuni, na nakumbuka niliyatazama kama ya mtu mwingine.

Alikinyanyua kiti tena. Sijui kama alitaka kunipiga mara ya pili. Yeye baadaye alisema alitaka kuwatisha wale vijana. Mke wangu hakungoja kujua. Alifungua chupa ya chai na kummwagia yote, ikaanzia shingoni ikashukia mkononi. Mayowe aliyoyatoa yule bwana sijapata kuyasikia tena. Kiti kilianguka. Alijaribu kuvua shati nalo shati limegandana na ngozi.

Baada ya hapo ukumbi mzima ulikuwa vita. Mkongo mmoja alimkamata mke wangu nywele. Mwanamke mmoja wa Tanga, rafiki wa mke wangu, akamng'ata yule mtu mkono mpaka akaachia. Meza zilipinduliwa. Watu wazima, watu wa kwaya, watu wanaopeana salamu kila Jumapili, walipigana kwa miguu ya meza. Nilikanyagwa vidole. Watoto walikuwa wamejibana chini ya jukwaa wakilia. Mzee mmoja alisukumwa akapiga kisogo kwenye bomba la joto la ukutani, akakaa hapo amenyamaza na damu inamshuka ndani ya ukosi. Polisi walipoingia walitukuta tumetapakaa kama vitu vilivyomwagwa kutoka kwenye gari.

Hospitali walituweka, yule bwana na mimi, kwenye idara moja ya dharura, pazia tu katikati na polisi amesimama mlangoni. Nilimsikia akigumia kwa maumivu walipokuwa wakimvua nguo. Mke wangu alikaa kando yangu akitazama mikono yake.

"Nimemchoma mtu," alisema. "Mimi, nesi. Ninajua ngozi inavyochukua muda kurudi."

Walinifanyia upasuaji, wakanifunga meno ya juu na ya chini kwa nyaya, nikawa mtu wa kunywa kwa mrija na kuongea kwa kupuliza maneno kwenye mianya ya meno.

Yule bwana alifunguliwa mashtaka ya kunijeruhi, akapewa dhamana kwa sharti kwamba asinikaribie. Mke wangu alihojiwa, kisha polisi wakaridhika kwamba alikuwa akimtetea mumewe. Mambo yangeishia hapo kama si kaka yake.

Shemeji yangu anaendesha gari la mizigo. Ni mtu wa mkono mwepesi tangu Mombasa. Ndiyo sababu mama yake alimhimiza aondoke. Alikuja kunitazama, akasimama mbele ya kitanda, akaangalia uso wangu uliovimba kama boga.

"Shemeji, wewe lala tu," alisema. "Hii maneno niachie mimi."

Nilitikisa kichwa. Nilimwambia, kwa meno yaliyofungwa, asiende popote. Akanipapasa bega kama mtoto, akatoka.

Alikwenda Tottenham na rafiki zake wawili, kwenye magorofa ya halmashauri anakoishi yule Mkongo. Hawakumkuta. Walimkuta mdogo wake kwenye ngazi, amebeba mifuko ya sokoni, mtu ambaye hata ukumbini hakuwepo. Shemeji yangu alimpiga kwa spana ya magurudumu. Alimvunja mkono, akamvunja na mbavu, na alipoanguka akamteremsha ngazi kwa teke. Haya nilikuja kuyasikia mahakamani, yakisomwa kwa sauti isiyo na haraka, na kila sentensi ilinipata kana kwamba aliyepiga ni mimi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na supu yangu ya mrija. Binti yetu, wa miaka kumi na minne, alikuwa amekaa dirishani na vitabu vyake vya shule. Jiwe lilipita kwenye kioo. Halikumpiga, vioo ndivyo vilivyompiga, usoni na kwenye nywele. Alisimama, akajigusa paji la uso, akaona damu vidoleni. Huyu mtoto tunasema naye Kiswahili naye hujibu kwa Kiingereza siku zote. Siku ile alimwita mama yake kwa Kiswahili.

Nje walikuwa vijana kama watano, ndugu na marafiki wa yule aliyevunjwa mbavu. Mmoja alikuwa na rungu la kuchezea besiboli, mwingine alikuwa akipiga teke geti letu dogo mpaka likang'oka. Walimtaka shemeji. Na shemeji alikuwemo ndani, amekuja kula. Alikwisha chukua kisu cha jikoni.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto akimtoa vioo kwenye nyusi kwa kibano. Bila kugeuka alisema, "Kaka, ukitoka na hicho kisu, usirudi kuniita dada."

Alisita. Mimi nilifungua mlango nikatoka.

Sikuwa shujaa. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitaka mmoja wao anikaribie. Nilikuwa nimewaza, hatua zile za kwanza, jinsi ambavyo ningemshika wa mbele masikio na kumgongesha kwenye nguzo ya geti. Wa mbele alinyanyua rungu. Alipouona uso wangu, ule mvimbe na zile nyaya, alisita kidogo, kisha akanipiga nalo pajani. Nilianguka. Nilipoanguka nilimkamata mguu, naye akaanguka, na nilimpiga ngumi, mimi niliyekuwa sijampiga mtu tangu shule ya msingi. Nilimpiga usoni mpaka nikasikia kitu kinalegea chini ya ngumi yangu. Raha niliyoipata sikuitegemea. Wenzake wakaanza kunipiga mateke ya mgongo.

Ndipo nikasikia sauti ikiwafokea kwa Kiswahili cha Katanga. Yule bwana alikuwa amekuja. Alitokea upande wa kituo cha basi, anakimbia, mkono umefungwa bandeji mpaka kwapani. Aliwavuta mmoja mmoja kwa mkono wake mzima.

"Mutoke! Mutoke hapa! Niliwaambia musikuje!"

Mmoja akamjibu kwamba mdogo wake yuko hospitalini anatoa damu. "Niko najua!" alisema. "Ni mudogo yangu miye, hapana yako!" Akampiga kofi moja la nguvu, na yule kijana akaacha rungu lianguke.

Nilikaa kwenye vigae vya njia yetu. Yeye alibaki amesimama mbele yangu, anahema, jasho linamtoka kwa maumivu ya mkono. Tulitazamana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso vizuri. Nilikuwa nimelala siku zote zile na swali lake, na jibu lake nilikuwa nalo tangu ukumbini.

Nikamwambia, neno kwa neno, nikipuliza: "Ya hapa. Umeme ungewaka hapa hapa, nyumba za huku. Kwa babu yako, hapana. Katanga hata taa moja isingewaka."

Alinisikia. Uso wake haukubadilika mara moja. Kisha akaketi, pale pale kwenye ukuta mfupi wa jirani, akaweka mkono wake wenye bandeji mapajani.

"Asante," alisema. "Ni hiyo tu nilitaka. Watu bote banapita pembeni." Halafu akasema, "Mutoto yako ameumia?"

"Ameumia."

Akafunika macho. Alikuwa bado amekaa hivyo polisi walipofika, na hakuinuka mpaka walipomwinua wao. Alikuwa amevunja sharti la dhamana kwa kusimama mbele ya mlango wangu. Nilijaribu kuwaeleza kwamba alikuja kuzuia. Walinielewa nusu, kwa mdomo ule, na nusu nyingine haikuwahusu. Shemeji yangu walimtoa jikoni. Kisu kilikuwa kimerudishwa kwenye droo, lakini walikuwa wakimtafuta kwa ajili ya zile ngazi.

Mambo yalikwisha hivi. Yule bwana alikiri kosa, nami niliandikia mahakama kwamba aliwazuia wenzake wasiniue. Alifungwa hata hivyo, muda mfupi kuliko tulivyotegemea, na kibali chake cha ulinzi kikafutwa. Shemeji yangu alifungwa muda mrefu zaidi. Mama mkwe wangu alipiga simu kutoka Mombasa akalia, akasema sisi tuliosoma ndio tuliomponza mwanawe kwa habari za mabomu, na mke wangu akamwacha aseme mpaka akamaliza. Mzee aliyepiga kisogo kwenye bomba alipona, ila sikio moja halisikii. Chama kilivunjika. Mwenyekiti akituona sokoni huvuka barabara.

Ofisini nilirudi nikakuta mradi umewekwa pembeni. Waliotuagiza hesabu zile walikuwa wameamua kwamba vinu vya kasi ni ghali na vina maneno mengi. Afadhali plutoniamu ichanganywe na kauri ngumu, ifungwe, ifukiwe chini sana. Mwenzangu wa meza ya jirani alisikitika kana kwamba amefiwa. Mimi sikusikia kitu. Nilipewa kazi ya kuhesabu mabomba ya mtambo mwingine, nikaifanya.

Nilidhani yamekwisha. Nyaya zilitolewa, nikajifunza kutafuna upande mmoja. Kisha asubuhi moja, ndani ya treni ya Victoria, imejaa kama kawaida, kijana mmoja mwenye mkoba mkubwa wa mgongoni aligeuka, mkoba ukanigonga taya. Hakufanya makusudi. Kabla sijafikiri nilikuwa nimemshika koo na kumkandamiza mlangoni. Watu walipiga kelele. Nilisikia mapigo ya damu yake chini ya kidole gumba changu. Nilimwona anatafuta pumzi, na kwa muda ambao siwezi kuupima sikumwachia, kwa sababu sikutaka. Mwanamke mmoja mzee alinipiga mkononi kwa mwavuli. Nikamwachia. Milango ilipofunguka nilitoka, nikakaa kwenye benchi ya kituo, nikingoja waje kunikamata. Hakuna aliyekuja.

Jioni nilimweleza mke wangu jikoni. Alikuwa akikoroga mchuzi, akazima jiko.

"Alikuwa mtu wa umri gani?"

"Mwanafunzi, nadhani. Mdogo."

"Umemwomba radhi?"

"Sikuweza kusema kitu."

Kisha akapakua wali, akauweka mezani, akamwita mtoto. Tulikula. Kovu la binti yetu, pale juu ya nyusi, bado lilikuwa jekundu. Alikuwa amesimama mlangoni tukizungumza, hilo nililijua, kwa maana wakati wote wa chakula hakunitazama usoni. Alikuwa akitazama mikono yangu.